Nta Haifichi Uchafu: Kuandaa na Kulinda Rangi ya Gari

Ukipaka nta juu ya uchafu, utakachokihifadhi ni huo uchafu. Ndiyo maana kazi ya kulinda rangi ya gari karibu yote ni maandalizi, na kupaka nta kwenyewe huja mwishoni na hakuchukui muda mrefu.

Magari mengi ya siku hizi yana tabaka la juu lisilo na rangi, ambalo mafundi huliita klia. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 35 hadi 50 hivi, chini ya unywele wa kichwani. Ile mikwaruzo midogo ya mviringo inayoonekana kama utando wa buibui gari likiwa juani imo ndani ya klia hiyo. Polishi huiondoa kwa kulisaga tabaka lenyewe, na kilichosagwa hakirudi. Kwa hiyo lenga kutolichubua tangu mwanzo.

Mikwaruzo mingi huzaliwa wakati wa kuosha. Gari liwe kivulini na bodi iwe imepoa: weka kiganja kwenye boneti, na kama huwezi kukiacha hapo kwa raha, subiri. Anza na ringi, kwa brashi na ndoo ya peke yake, maana vumbi la breki lina chembe za chuma zisizotakiwa kufika kwenye rangi. Kisha mwagia bodi nzima maji mengi ili mchanga uondoke kabla hujaigusa.

Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, nyingine ya maji matupu. Kila ukimaliza sehemu moja, suuza glavu kwenye maji matupu ndipo uirudishe kwenye shampuu. Glavu ya maikrofaiba yenye manyoya marefu huumeza mchanga, ilhali sponji bapa huubana kati yake na rangi na kuuburuta. Teremka kutoka juu: paa, vioo, boneti, milango, na mwisho kabisa sehemu ya chini ya milango na bampa, penye uchafu mwingi. Sabuni ya vyombo iache jikoni. Imetengenezwa kuvunja mafuta na itadhoofisha nta uliyoitolea jasho. Wakati wa kukausha, tandaza taulo pana la maikrofaiba na ulivute taratibu bila kusugua.

Sasa vaa mfuko laini wa plastiki mkononi na upapase boneti. Vijipele ambavyo vidole vitupu havikuvihisi utavihisi. Hivyo ni chembe za chuma, matone ya lami na utomvu wa miti vilivyoganda, na shampuu haiviwezi. Nyunyiza kwanza dawa ya kuyeyusha chuma. Ikikutana na chembe hizo hugeuka zambarau na kuchuruzika. Iache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kwa kawaida dakika chache, na isuuze kabla haijakauka. Lami ina dawa yake. Ipake kwa kitambaa, ngoja ilainike, futa.

Kinachobaki ni kazi ya udongo wa kusafishia rangi, yaani donge laini maalumu linalonasa uchafu, si udongo wa shambani. Kata kipande, kikande mpaka kilainike, kisha kibapishe kiwe na upana wa vidole vitatu. Nyunyiza kwa wingi kilainishi, yaani maji ya utelezi ya kutumia na udongo huo, halafu telezesha kwa mistari iliyonyooka bila kukandamiza. Mwanzoni utasikia mkwaruzo chini ya vidole. Mkwaruzo huo ukinyamaza na udongo ukawa unateleza kama juu ya kioo, sogea mbele. Kunja mara kwa mara upate uso safi. Kipande kikianguka chini, kitupe hata kama ni kipya, kwa sababu chembe moja ya mchanga iliyonata itachora mstari boneti nzima. Udongo huondoa kinga ya zamani na unaweza kuacha alama hafifu, basi mara moja au mbili kwa mwaka inatosha.

Kama mikwaruzo inakukera, hapa ndipo polishi inapoingia. Anza na iliyo laini kabisa na ujaribu eneo dogo kwanza. Ukimaliza, futa kwa mchanganyiko wa maji na alkoholi ya isopropili, alkoholi ikiwa takriban asilimia 15. Mafuta ya polishi huziba mikwaruzo kwa muda ukadhani imeisha, tena huizuia silanti, yaani kinga ya kiwandani inayopakwa kama nta, kushika vizuri.

Nta ya kanauba hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya michikichi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Huipa rangi mng'ao wenye kina, hasa nyeusi na nyekundu, lakini hudumu kwa wiki kadhaa tu. Silanti hutengenezwa kwa polima za kiwandani, nayo hukaa miezi kadhaa na kuvumilia joto na kuoshwa zaidi. Kwa gari linalolala nje, chagua silanti bila kusita. Ukitaka zote mbili, silanti hutangulia, unaipa muda wa kukomaa, mara nyingi saa 12 hadi 24 pasipo maji, kisha nta juu yake. Ukigeuza mpangilio, silanti itakaa juu ya mafuta ya nta na haitaifikia klia.

Wakati wa kupaka, kidogo ndiyo sawa. Tone la ukubwa wa sarafu latosha nusu ya boneti. Tandaza kwa pedi ya povu mpaka ibaki kama ukungu mwembamba. Nta iliyopakwa nene haiongezi ulinzi. Hukauka vibaya, huleta michirizi na kukuchosha mkono kuifuta. Baada ya dakika chache pitisha kidole: njia ikibaki safi, futa, ikiacha mchirizi wa mafuta, bado. Futa kwa taulo moja, malizia kwa jingine safi. Plastiki nyeusi zisizopakwa rangi zibandike utepe kabla, maana nta hukaukia kwenye vinyweleo vyake na kuacha weupe mgumu kutoka.

Maji yakiacha kujikunja kuwa matone, usikimbilie kupaka upya. Huenda ni uchafu tu umefunika nta, kwa hiyo osha vizuri kwanza kisha utazame tena. Kinyesi cha ndege kilichokauka usikikwangue. Kifunike kwa taulo lililolowa dakika kadhaa, kisha kiinue. Taulo za maikrofaiba zifue peke yake bila kilainishi cha nguo, kwa sababu hupaka nyuzi mafuta, zikaacha kunyonya maji na kuanza kuacha michirizi kwenye rangi.