Lori la choo likija shambani, usikubali limwage hapo hapo

Wakulima wenzangu wa Wakiso na Mukono hapa Uganda, kuna dereva wa lori la kunyonya choo atakusimamia barabarani akuambie mzee, ngoja nikumwagie hii kwa migomba, mbolea ya bure hii. Mkatalie. Yeye anakwepa mafuta ya kufika Lubigi, kwenye mtambo wa kusafisha tope la choo, na pesa ya kumwagia kule, ubure wenyewe ni huo tu.

Sio kwamba kile kitu hakina chakula cha mmea, kinacho, naitrojeni na fosforasi zimo. Shida ni mayai ya minyoo. Bakteria wengi jua na ukavu vinawamaliza, lakini yai la askaris, ule mnyoo mrefu wa tumboni, lina ganda gumu linaweza kukaa kwenye udongo miezi mingi hata miaka, mtoto anachezea pale anatia kidole mdomoni basi imeingia, na mvua ya Aprili nayo inasomba kilichobaki mpaka kwenye chemchemi mnayochota maji.

Kule Lubigi, mtambo uliofunguliwa 2014, lori linamwaga kwanza kwenye matangi tope linatulia chini, maji yanaenda kwenye mabwawa, tope linaanikwa kwenye vitanda vya mchanga mpaka linakauka. Wakulima wananunua lile kavu. Ila ukienda kununua uliza limekaa kwenye rundo muda gani, maana kukauka sio kupona! Kwa joto letu hili mimi nataka liwe limekaa mwaka mzima na zaidi bila kuongezewa bichi juu yake.

Huwezi kungoja? Tengeneza mboji. Ndoo moja ya tope kavu kwa ndoo tatu hivi za maganda ya matoke, majani, maranda, lundo lifike kiunoni, lowesha kiasi tu. Katikati lazima joto lipite digrii 50 na likae hivyo zaidi ya wiki, na unageuza ili ya pembeni nayo iingie ndani ipikwe, wengi hapa ndio wavivu. Huna kipima joto, chomeka chuma katikati, kiache dakika 10, ukikichomoa na bado unaweza kukishika vizuri basi lundo lako limelala, geuza tena uongeze majani mabichi. Baadaye liache litulie miezi kadhaa.

Weka kwa kahawa, migomba, mahindi, miti, na ufukie na udongo. Mboga za majani kama dodo (mchicha) na nakati, pamoja na nyanya, achana nazo, vitu vinavyogusa udongo na vingine tunavila vibichi. Gambuti na glavu uvae, na chepe la kazi hii lisirudi kuchota kitu kingine nyumbani.

Halafu muulize muuzaji lile tope limetoka wapi. La vyoo vya watu sawa, utachambua tu pedi na makaratasi ya nailoni. Likiwa limechanganywa na la kiwandani au gereji liache hapo hapo, madini ya risasi na metali zingine hata ungelipika mwezi mzima hazitoki.