Trekta ya bustani inayojiendea yenyewe: usikimbilie kufungua pampu

Trekta za Cub Cadet za zamani zenye gia ya haidroli (pampu husukuma oili inayozungusha magurudumu), modeli za kuanzia 123 hadi 149, huletwa gereji kwangu hapa Ohio zikiwa zimeshahukumiwa: "Fundi, pampu imekufa." Mara nyingi pampu haina neno. Kabla hujaifungua, maliza kwanza yaliyo nje yake.

Anza na oili. Ni Hy-Tran, oili ya gia za haidroli, kama lita sita na nusu. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Imwage yote, badilisha filta, jaza upya. Inua magurudumu ya nyuma juu ya stendi imara (jeki peke yake usiiamini), washa injini, upeleke mkono wa mwendo mbele na nyuma polepole hadi hewa itoke. Zima, angalia kiwango tena.

Kama mkono uko katikati na trekta bado inatambaa, au inashtukashtuka kwenye mteremko, nenda kwenye trunioni. Hicho ndicho kipande kinachoinamisha sahani ndani ya pampu, na sahani ndiyo inayoamua oili isukumwe kiasi gani na upande gani. Trunioni ina nafasi ambamo pini huteleza, na miaka ikienda nafasi hizo hupanuka. Zima injini, mtu aushike mkono wa mwendo usitikisike, wewe tikisa trunioni kwa vidole. Ikicheza, ugonjwa umeupata.

Dawa yake ni kuchomelea kingo zilizolika, kisha kuzipiga tupa hadi pini iteleze bila kucheza. Kibanio cha waya wa ardhi wa mashine ya kuchomelea kibane kwenye trunioni yenyewe. Ukikiweka kwenye ekseli, umeme utapita katika beringi za pampu uziharibu. Chomelea kidogo, acha ipoe, rudia. Sili ya mpira iko karibu, moto utaiharibu. Ukimaliza, legeza boliti za bamba la kuongozea mkono, lisogeze kidogo kidogo hadi magurudumu yasimame kabisa ukikanyaga breki, ukaze.

Trekta isiyo na nguvu hata ikiwa baridi, tazama vali mbili juu ya pampu. Kuna kiwiko cha kuzibonyeza ili trekta isukumike injini ikiwa imezimwa. Kikipinda kikazikandamiza muda wote, oili inazunguka bure na trekta haiendi popote. Nimeona watu wakinunua pampu nzima kwa sababu ya kiwiko hicho! Kama kiko sawa, zitoe vali, zisafishe kwa mafuta ya taa, hakikisha zinarudi zenyewe.

Uvujaji utafute kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja. Oili yenye presha hutoboa ngozi, na hilo ni jambo la kukimbizwa hospitali.

Ile inayovuta vizuri asubuhi ikalegea ikishapata moto, hapo ndipo pistoni na silinda za ndani ya pampu zimelika kweli. Hiyo mimi siifufui. Natafuta trekta ya modeli ileile iliyokufa injini, nachukua pampu yake.