Kamera ya getini haishiki? Usikimbilie antena ndefu

Mvua zikishachanganya hapa Kigoma, simu ninazopigiwa huwa za aina moja: "Fundi, kamera ya getini imepotea tena." Msimu uliopita niliitwa Gungu, nyumba ya bati, geti liko mita kama 30 kutoka barazani, na katikati kuna mwembe mkubwa. Nikamkuta mama mwenye nyumba ameshanunua antena mbili ndefu kama rula.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Antena hizo hapo, nifungie. Hizo zilizokuja na kamera ni fupi mno."

Nikazipokea, nikatazama vichwa vyake, nikamrudishia. Zilikuwa hazifungiki kwenye kamera ile, na hata zingefungika, shida haikuwa urefu. Nitakueleza ilikuwa nini tukifika huko. Mwongozo huu ni wa kamera za waifai, ziwe za seti yenye rekoda yake (kisanduku kinachopokea na kuhifadhi picha) au zile zinazoshika ruta ya nyumbani.

Hatua ya 1: Malizia kazi mezani kabla ya kupanda ngazi

Weka rekoda na kamera zote chumba kimoja, zikiachana mita moja au mbili. Funga antena kwanza, umeme baadaye. Kifaa kinachorusha mawimbi hakipendi kuwashwa kikiwa hakina antena. Seti nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimeshaoanishwa, kwa hiyo picha huja zenyewe. Zisipokuja, chomeka waya wa mtandao kati ya kamera na rekoda, ingia kwenye menyu ya rekoda, chagua kuongeza kamera, subiri ikubali, kisha chomoa waya. Picha ikirudi bila waya, hiyo imeoana. Iandike namba kwa kalamu ya wino mzito chini ya tumbo lake. Kamera nne zinazofanana ukizipandisha bila namba, utashuka na kupanda mpaka magoti yakusute.

Hatua ya 2: Chungulia kichwa cha antena

Hapa ndipo pesa za watu hupotea. Vichwa vyenye nyuzi za dhahabu vinavyotumika kwenye kamera na ruta viko vya aina mbili, na kwa mbali ni mapacha: SMA na RP-SMA. Nyuzi zake zinaingiliana vizuri kabisa, ukikaza unasikia raha. Tofauti iko katikati. Antena ya SMA ina pini nyembamba katikati. Antena ya RP-SMA ina tundu, na pini iko upande wa kamera.

Ukichanganya, yanatokea mawili. Tundu likikutana na tundu, hakuna kinachogusana: antena imekaa imara, lakini ni pambo tu. Pini ikikutana na pini, unapokaza zinasukumana, moja inapinda au inazama ndani, na hapo umeharibu kamera nzima. Zile za mama wa Gungu zilikuwa na pini, na kamera yake nayo ilikuwa na pini. Bahati nzuri hakujaribu mwenyewe.

Kwa hiyo ukienda dukani, beba antena ya zamani mfukoni, zilinganishe macho kwa macho kwenye mwanga. Kukaza ni kwa vidole, ukishika nati na siyo mwili wa plastiki. Koleo liache kwenye begi.

Hatua ya 3: Masafa ya antena yalingane na ya kamera

Kamera nyingi za nyumbani hutumia gigahezi 2.4 peke yake. Chache zina 2.4 na 5. Sokoni, kwenye boksi hilohilo, utakuta antena za kengele za wizi za megahezi 433 na za modemu za laini ya simu, zote nyeusi, zote zinajikunja shingo. Soma maandishi, isiyo na maandishi iache.

Na urefu usikudanganye. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5 hivi, na robo yake ni sentimita 3 na kidogo. Niliwahi kuipasua kwa wembe antena moja ndefu ya bei nafuu: ndani kulikuwa na kipande cha waya kisichofika urefu wa kidole, kilichobaki chote ni plastiki na hewa.

Hatua ya 4: Chaneli

Kwenye gigahezi 2.4 chaneli, yaani njia ndogo ambazo mitandao hugawana, zimepangwa megahezi 5 kutoka moja hadi nyingine, lakini kila mtandao unakula karibu 20. Ndiyo maana chaneli ya 2 na ya 4 zinakanyagana. Zinazoweza kukaa pamoja bila kugombana ni 1, 6 na 11. Weka programu ya kupima waifai kwenye simu, simama pale rekoda itakapokaa, angalia majirani wako wapi, kisha chagua kati ya hizo tatu ile yenye watu wachache. Upana wa chaneli weka megahezi 20, siyo 40.

Chaneli ya 12 na 13 ziepuke hata kama ziko tupu. Kamera zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zinaishia 11. Ruta ikiwa kwenye 13, kamera haioni kitu, na wewe utabadilisha nywila siku nzima bure.

Kama kamera inashika ruta moja kwa moja, na ruta inarusha 2.4 na 5 kwa jina moja, zipe majina mawili tofauti. Wakati wa kuunganisha, simu yako nayo iwe kwenye ile ya 2.4.

Hatua ya 5: Mahali na mkao

Mawimbi ya antena ya kawaida hutoka kwa umbo la ngata, ile anayoweka mama kichwani kabla ya kujitwika ndoo. Antena imesimama kwenye tundu la ngata: pembeni mawimbi ni mengi, juu na chini kwenye ncha hakuna kitu. Kwa hiyo usiielekeze ncha kwenye kamera kama unanyoosha kidole. Zisimamishe zote wima, ya rekoda na ya kamera. Moja ikisimama na nyingine ikilala, unapoteza sehemu kubwa ya nguvu bila sababu.

Antena yenye desibeli nyingi (kipimo cha kulinganisha nguvu za mawimbi) haiongezi nguvu, inaikandamiza ngata iwe pana na bapa. Kwenye kiwanja tambarare inasaidia. Huku kwetu ambako nyumba iko juu ya kilima na geti liko bondeni, mawimbi yanaweza kupita juu ya kamera yakaelekea ziwani.

Sasa Gungu. Rekoda ilikuwa ndani ya kabati la chuma, antena zimelazwa ili mlango ufungike. Kiangazi ilijikongoja, mvua ilipolowesha majani ya mwembe, ikakata. Nikaitoa, nikaiweka juu ya kabati karibu na dirisha, nikasimamisha antena, nikahama chaneli. Getini simu ilisoma nguvu ya mawimbi −81 dBm kabla, baadaye −64 (namba ikikaribia sifuri, mawimbi yana nguvu zaidi). Kwa video nataka −67 au bora zaidi; ikishuka kupita −75 picha itaganda. Mwembe haukuguswa.

Hatua ya 6: Waya wa kurefusha, na maji

Waya wa antena unakula. Ule mwembamba wa RG-174 unapoteza karibu desibeli 2 kila mita kwenye 2.4, na desibeli 3 ni nusu ya nguvu. Mita tano za waya huo zinamaliza faida yote ya antena mpya. Afadhali usogeze rekoda yenyewe.

Nje, zungushia kiungo cha antena utepe wa mpira, na waya wa umeme uuache uning'inie kidogo chini ya kamera kabla haujaingia ukutani, matone yadondokee hapo. Adapta iwe ndani. Radi ikianza kupiga upande wa Kongo, chomoa.

Mwisho, andika chaneli na kipimo cha kila kamera kwenye karatasi, ibandike chini ya rekoda. Ya mama niliiandika hivi: "Geti, ch 11, −64, mwembe una majani."