SOMO: Kupima neno kabla hujaliandikia makala

Wakuu, habari za kazi. Somo hili ni la wenye blogu na tovuti ndogo za Kiswahili wanaotaka kujua neno lipi (yaani neno au maneno ambayo mtu huyaandika Google anapotafuta) liandikiwe makala na lipi liachwe. Mfano wangu ni ufugaji wa kuku, lakini anayeandika mapishi au mikopo atapita njia hiyo hiyo.

Hatua ya 1: Okota maneno kwa watafutaji wenyewe

Fungua Google, andika "kuku" na uache nafasi, usibonyeze kutafuta. Yanayojitokeza chini yake ni maneno ambayo watu wanayatafuta kweli. Endelea na "kuku a", "kuku b", kisha geuza: "dawa ya kuku", "bei ya vifaranga", "chakula cha kuku". Pitia pia magrupu ya wafugaji ya WhatsApp na Facebook. Mfugaji mwenye shida haandiki "maradhi ya mfumo wa upumuaji". Anaandika "kuku wanakoroma". Hilo ndilo neno lako.

Ugonjwa wenye majina matatu, kama kideri, mdondo na Newcastle, uandike mara tatu kwenye orodha. Kila jina lina watu wake.

Hatua ya 2: Pima wingi wa utafutaji

Ingia Keyword Planner, kifaa cha kupima maneno kilicho ndani ya Google Ads, huduma ya matangazo ya Google. Akaunti ni bure, ila kama hulipii matangazo utaonyeshwa makadirio mapana tu: 10 hadi 100, 100 hadi 1,000, 1,000 hadi 10,000 kwa mwezi. Neno la watu 150 na neno la watu 900 yatakaa fungu moja. Kwa hiyo usibishane na namba, itumie kupanga orodha tu: makubwa huku, madogo kule.

Kwenye nchi, chagua Tanzania peke yake, kisha Kenya peke yake. Kwenye lugha, acha lugha zote, maana wengi wetu tunatafuta kwa Kiswahili kwenye simu zilizowekwa Kiingereza. Ukikuta kistari badala ya namba, maana yake Google haina takwimu za kukuonyesha. Haimaanishi hakuna anayetafuta. Maneno ya Kiswahili yenye kistari ni mengi, na mengine ni mazuri sana.

Halafu fungua Google Trends, inayoonyesha neno linavyopanda na kushuka kwenye utafutaji. Zile namba za 0 hadi 100 si idadi ya watu: 100 ni kilele cha neno katika kipindi ulichochagua. Kazi yake ni mbili, kulinganisha maneno na kuona msimu. "Matokeo ya kidato cha nne" hupaa Januari, kisha hulala miezi kadhaa. Neno la namna hiyo ukiliandikia Machi, umechelewa.

Hatua ya 3: Pima ushindani kwa macho

Hapa ndipo wengi wanapotea. Keyword Planner ina safu ya ushindani: mdogo, wa kati, mkubwa. Hao ni wanaogombea kulipia matangazo, si tovuti zinazogombea nafasi ya bure kwenye matokeo. Neno linaweza kuandikwa "mdogo" huku ukurasa wa kwanza umeshajaa vigogo.

Alama za ugumu za programu kama Ahrefs nazo zisikulevye. Ahrefs huangalia tovuti ngapi zimeweka viungo (links) kwenda kwenye kurasa kumi za juu. Sisi Waswahili hatuna desturi ya kuwekeana viungo, hivyo maneno mengi yatasomeka rahisi, hata magumu.

Dawa ni kulitafuta neno na kufungua kila tokeo la ukurasa wa kwanza. Tuchukue "ratiba ya chanjo ya kuku chotara". Je, kichwa cha habari kimelitaja neno lenyewe, au ni makala ya kuku kwa ujumla? Ratiba imetajwa siku kwa siku, au umezungushwa aya tano bila jibu? Kuna PDF ya zamani isiyosomeka kwenye simu, uzi wa jukwaa wenye majibu yanayopingana, chapisho la Facebook? Hizo ni nafasi wazi. Ukikuta kurasa nne au tano zenye jibu kamili, picha zao wenyewe na tarehe ya karibuni, liache neno hilo, nenda jingine.

Unaweza pia kuandika allintitle: mbele ya neno, upate kurasa zenye maneno hayo kwenye kichwa. Ila jumla ya matokeo ni makadirio, mimi naangalia kurasa zenyewe tu.

Hatua ya 4: Amua

Angalia anayetafuta anataka nini. "Kuku" hakuelezi lolote. "Bei ya vifaranga vya Sasso" ni mtu mwenye hela mfukoni. Kwa blogu changa, mimi huchagua la pili bila kuwaza mara mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, neno langu lina 10 hadi 100 tu. Si kupoteza muda?*

Inategemea unauza nini. Watu 40 wanaotafuta vifaranga mkoani kwako si haba. Tena makala moja nzuri hushika maneno mengi ya jirani ambayo hukuyapanga.

*Nikitafuta kwenye simu yangu natokea wa kwanza, lakini wageni siwaoni.*

Google inajua ulipo na unachopenda kufungua. Dirisha fiche (incognito) huficha historia yako, haliondoi mahali ulipo. Ingia Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, angalia umeonekana mara ngapi na wastani wa nafasi yako. Ina kumbukumbu za miezi 16.

*Kideri na mdondo, niandike makala mbili?*

Tafuta yote mawili. Kurasa zikiwa zile zile, andika moja na majina yote mawili yawe kwenye kichwa. Zikitofautiana kabisa, andika mbili.

*Niko Eldoret. Huku watu wanatafuta kwa Kiingereza, Kiswahili kitanifaa?*

Pima kila neno kwa lugha zote mbili, nchi ikiwa Kenya. Usisahau mchanganyiko: "kienyeji" imeingia hata kwenye Kiingereza cha wafugaji wa huko, na hakuna kamusi itakayokudokezea hilo.