Kustaafu Zanzibar ukitokea Uganda: panga karatasi kabla ya kupanga nyumba

Mwongozo huu ni wa Mganda aliyestaafu, au anayekaribia kustaafu, na anayetaka kuhamia kisiwani, hasa Unguja au Pemba. Kazi yangu ni kuandaa nyaraka za wasafiri hapa Kampala. Nimeamua kuandika baada ya kumsaidia afisa mmoja mstaafu wa jeshi na mkewe kuhama, maana tangu hapo watu hunijia na maswali yaleyale. Sitaeleza namna ya kupiga picha ya pasipoti wala kujaza fomu ya mtandaoni. Nitakaa zaidi pale watu wanapokwama.

Kwanza tuelewane: kuingia ni jambo moja, kuishi ni jambo jingine. Mganda haombi viza kwenda Tanzania. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama pasi ya kuingia bila malipo, hadi miezi 6. Wengi wakisikia hivyo huuza kiwanja Mukono na kufunga mizigo. Pasi ile ni ya mgeni. Usitegemee kutoka kidogo na kurudi ili ugongewe muhuri mwingine, kwa kuwa afisa wa uhamiaji anaisoma mihuri yote kwenye kitabu chako, na ukurasa uliojaa mihuri ya kutoka na kuingia unamwambia wazi kwamba unaishi pale bila kibali.

Hatua ya 1: Chagua kisiwa kwa kibali chake

Picha za ufukwe ziweke kando. Kwa kila kisiwa jiulize: sheria yake inamtambua mstaafu? Inamtaka aoneshe nini?

Morisi wana kibali rasmi cha mstaafu wa kigeni. Lazima uwe na umri wa miaka 50 au zaidi, na tangu 2020 kibali hicho ni cha miaka 10. Sharti ni kuingiza fedha katika benki ya huko. Mwaka 2020 kiwango kilikuwa dola 1,500 kwa mwezi. Kabla ya kupiga hesabu, soma kiwango cha sasa kwa Bodi ya Maendeleo ya Uchumi ya nchi hiyo. Mtu mwenye pensheni ya Umoja wa Mataifa ataweza. Mwalimu mkuu mstaafu wa Masaka asijitese. Shelisheli hawamdai Mganda viza, lakini kibali chao cha mgeni huanzia miezi 3 na kuongezwa hadi mwaka mmoja, na maisha ya kule ni ghali mno.

Kwa Waganda wengi mimi napendekeza Zanzibar, na nasema hivyo bila kusita. Lugha unayo, nchi ni ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ndege ipo kutoka Entebbe, na ukikosa nauli ya ndege kuna basi la kupitia mpaka wa Mutukula hadi Dar es Salaam, kisha boti. (Kama unachotaka ni maji, mitende na utulivu tu, nenda Kalangala. Visiwa vya Ssese, huku kwetu Ziwa Victoria, havidai kibali chochote.)

Tanzania ina vibali vya ukaazi vya madaraja matatu. Daraja A ni la mwekezaji na mwenye biashara yake, B ni la mwajiriwa, na C linabeba wanafunzi, watafiti, wanaojitolea, wamisionari na wastaafu. Wewe ni wa C. Amua mapema kama kweli umestaafu, kwa sababu kibali cha C hakikupi ruhusa ya kufungua nyumba ya wageni wala duka la vitenge. Ukitaka hata biashara ndogo, hiyo ni safari ya daraja A na mahesabu yake ni mengine.

Hatua ya 2: Pasipoti na kadi ya manjano

Pasipoti iwe na miaka ya kutosha mbele yake. Chanja homa ya manjano: anayetoka Uganda huulizwa kadi, na tangu 2016 chanjo moja inatosha maisha yote. Endelea.

Hatua ya 3: Majina

Hapa tukae. Katika maombi niliyoyaona yakirudishwa, fedha haikuwa sababu kubwa. Sababu ilikuwa kwamba karatasi za mtu mmoja zilisomeka kama za watu wawili au watatu.

Yule mzee wangu wa jeshi alikuja na faili nene, limepangwa vizuri. Nikaweka kitambulisho cha taifa na barua ya pensheni kando kwa kando.

"Afande, hili ndilo jina lako?"

"Ndilo."

"Na hili?"

"Hilo nalo ni langu, mwanangu."

Kwenye kitambulisho jina la ukoo lilianza na *Ss*. Kwenye barua ya pensheni lilianza na *S* moja. Jina la dini lilikuwa *Muhammad* kwenye kitambulisho, *Mohamed* kwenye taarifa ya benki, na kwenye cheti cha zamani cha jeshi karani alikuwa amekata njia: *Moh'd*. Mkewe naye alikuwa na majina ya kwao kwenye kitambulisho, na benki alikuwa ameongezewa jina la mumewe. Kijijini kila mtu anawajua. Kompyuta ya uhamiaji haiwajui.

Fanya hivi. Chukua karatasi moja kubwa. Mimi natumia karatasi na kalamu nyekundu, si simu, kwa sababu simu husahihisha tahajia yenyewe na kukuficha kosa unalolitafuta. Kushoto andika orodha ya nyaraka zako zote: kitambulisho, pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, barua ya pensheni au taarifa ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), taarifa ya benki, hati ya nyumba. Mbele ya kila moja nakili majina herufi kwa herufi kama yalivyo, kwa mpangilio uleule, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Kisha mpe mtu mwingine akusomee kwa sauti huku wewe ukifuata. Macho ya mwenye jina huona anachokijua, hayaoni kilichoandikwa.

Waganda tuna mitego yetu. Ss na S. L na R, maana karani mmoja husikia hivi na mwingine vile. Jina la ubatizo lililofupishwa. Tarehe ya kuzaliwa ambayo wazee wengi walikadiriwa, ikawa 1 Januari kwenye karatasi moja na tarehe nyingine kwenye ya pili.

Ukishaona tofauti, zigawe. Tofauti ndogo, kama herufi moja au mpangilio wa majina, hutibiwa kwa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo, inayotaja namna zote mbili za kuandika na kusema wazi kuwa ni mtu mmoja. Taja na nambari ya kila waraka unaohusika, kwani kiapo kinachosema tu "majina yote ni yangu" hakimsaidii afisa yeyote. Tengeneza nakala halisi kadhaa, maana kila ofisi itabaki na yake.

Tofauti kubwa, kama jina zima lisilokuwepo upande mmoja, kiapo hakiibebi. Hapo unabadilisha jina rasmi: hati ya kubadilisha jina inasajiliwa, tangazo linatoka katika Gazeti la Serikali, zinapita siku 7 au zaidi, ndipo unaomba NIRA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, warekebishe. Inachosha, na haina njia ya mkato. Anayekuahidi njia ya mkato kwa ujira wa chai atakuachia waraka utakaokataliwa ukiwa tayari Unguja, mbali na kila ofisi unayoihitaji.

Na mpangilio ni huu, usiuvuruge: NIRA kwanza, pasipoti ya pili, kisha benki, kisha pensheni au NSSF. Sababu ni kwamba pasipoti inafuata taarifa zilizoko NIRA kupitia nambari yako ya kitambulisho. Ukianza na pasipoti utalipia kitabu kipya kilichobeba kosa la zamani.

Tarehe ya kuzaliwa iache ilivyo NIRA ikiwezekana, na rekebisha hizo nyingine ziifuate. Kuigusa tarehe ni kugusa tarehe yako ya kustaafu, na mwajiri wako wa zamani atataka maelezo.

Hatua ya 4: Ndoa

Kama mwenzi wako atakuja kama mtegemezi wako, lazima ndoa ithibitike. Picha za *kwanjula*, sherehe ya kumtambulisha mchumba ukweni, hata zikiwa na ukoo mzima na ng'ombe, hazithibitishi kitu. Cheti cha kanisa au cha msikiti nacho hakitoshi peke yake kama ndoa haimo katika rejista ya URSB, ofisi ya serikali inayosajili ndoa. Viongozi wa dini wanaofungisha ndoa hutakiwa kupeleka taarifa zake kwa msajili, na wapo ambao hawakupeleka. Kwa hiyo nenda URSB utafute kama ndoa yenu imo. Ikiwa haimo, rudi kanisani au msikitini uombe taarifa iwasilishwe sasa. Ndoa ya kimila husajiliwa kuanzia kata, yaani gombolola. Fanya hili wakati mchungaji au shehe aliyewafungisha bado yuko hai na anakumbuka.

Hatua ya 5: Mapato yanayoonekana kila mwezi

Afisa wa kibali anataka kuona kwamba utaishi bila kufanya kazi. Mstaafu wa serikali ana pensheni ya kila mwezi, hivyo taarifa ya benki inamsemea. Tatizo ni la mwanachama wa NSSF, ambaye akifika miaka 55 hulipwa kwa mkupuo. Fedha kubwa iliyoingia mara moja na kuanza kupungua haifanani na mapato.

Ushauri wangu: weka sehemu kubwa kwenye hatifungani za Serikali ya Uganda, yaani unaikopesha serikali kwa riba, kupitia Benki Kuu. Zinalipa riba kila baada ya miezi 6, kuanza unaweza kwa shilingi 100,000, na zile za miaka 10 na kuendelea hukatwa kodi ya asilimia 10 ya riba badala ya 20. Nunua za tarehe tofauti ili riba zipishane ndani ya mwaka. Baada ya malipo machache utakuwa na taarifa ya akaunti isiyohitaji maelezo. Najua wengi watasema nyumba za kupangisha. Mimi sizipendi kwa kazi hii. Mpangaji wa Kireka anayelipa kwa fedha taslimu kila anapopata hana karatasi, na wewe ukiwa Unguja nani atamgongea mlango?

Hatua ya 6: Cheti cha tabia njema

Kinatolewa na Polisi ya Uganda kupitia ofisi ya Interpol Kampala, na unachukuliwa alama za vidole. Kiombe mwishoni, faili likiwa limekamilika. Kikikaa muda mrefu unaweza kuambiwa uanze upya.

Hatua ya 7: Nenda kwanza kama mgeni, na uende masika

Watu huenda Julai, upepo wa kusi unavuma, hewa ni nyororo, wanasaini mkataba wa nyumba wa mwaka mzima. Nenda Aprili. Utaona barabara gani zinajaa maji, paa lipi linavuja, na kama magoti yako yanaivumilia ile joto yenye unyevu.

Kumbuka pia bima: tangu 1 Oktoba 2024 mgeni wa kigeni anayeingia Zanzibar hununua bima ya Shirika la Bima la Zanzibar. Kiwango kilichotangazwa ni dola 44 na muda wake ni siku 92, kwa hiyo ni ya safari tu. Mkazi anahitaji bima ya afya ya kweli, hasa mwenye presha au sukari.

Nyumba panga, usinunue. Ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma na mgeni haimiliki. Kuna njia halali ya kununua makazi katika miradi iliyoidhinishwa, na anayeweka dola 100,000 au zaidi hufunguliwa mlango wa ukaazi, lakini hiyo si fedha ya mstaafu wa kawaida wa kwetu. Mtu akikuuzia shamba la minazi kwa karatasi ya mkono, ondoka.

Mkataba wa kupanga upeleke kwa sheha, kiongozi wa serikali wa shehia (mtaa) husika. Sheha ndiye anayejua nani anaishi wapi, na barua yake utaihitaji. Nenda na mwenye nyumba, asubuhi, salimia kwa utaratibu, usitaje shida yako kabla ya kuulizwa habari za safari. Afande wangu alitaka kuingia na kuweka faili mezani kijeshi. Mkewe alitangulia, wakazungumza kuhusu mvua na watoto, na barua ikaandikwa siku ileile.

Hatua ya 8: Omba kibali

Maombi ni ya mtandaoni kupitia mfumo wa Uhamiaji wa Tanzania, na kwa mkazi wa visiwani mambo hufuatiliwa katika afisi ya Uhamiaji Zanzibar. Omba wakati pasi yako ya mgeni bado ina wiki nyingi. Nenda na nakala halisi zote, pamoja na vile viapo vya hatua ya 3.

Kibali kikitoka, andika mahali pamoja tarehe tatu: kinapokwisha kibali, inapokwisha pasipoti, na kila linapotangazwa zoezi la kuhakiki wastaafu wa serikali Uganda. Hili la mwisho ndilo linalosahauliwa kisiwani. Mstaafu asiyehakikiwa anaweza kusimamishiwa pensheni, na bila pensheni taarifa ya benki inakauka, na kibali hakihuishwi. Weka akiba ya nauli ya kurudi Entebbe kwa ajili hiyo, na uiache hukohuko benki.