Kuchagua jenereta: someni hapa kabla hamjanipigia

Wiki hii nimeulizwa mara sita "ninunue jenereta gani?" Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrudisha hapa.

1. Orodhesha vitu utakavyowasha kwa pamoja. Wati zimeandikwa kwenye kibandiko cha nyuma.

2. Jumlisha.

3. Ongeza umeme wa kuanzia. Hapa ndipo nilipoliwa. Nilikuwa na friza mbili za samaki pale Mikindani, wati 200 kila moja, na pampu ya maji ya wati 750. Jumla 1,150. Nikanunua jenereta iliyoandikwa 2,500, nikajiona mjanja. Kumbe chenye mota, kikianza tu, kwa sekunde chache huvuta mara tatu hata sita ya kawaida yake. Pampu peke yake ilitaka 2,250, na friza 400 zimo tayari. Ilipowaka, taa ikafifia kama kibatari, friza ikawa inanguruma bila kuanza. Nikasema itazoea. Siku ya tatu nikasikia harufu ya vanishi iliyoungua. Kompresa ya friza imekufa, ndoo mbili za samaki changu nikagawia majirani.
Halafu ile 2,500 ilikuwa kilele chake cha muda mfupi! Ukiona namba mbili, fuata ndogo. Na kVA iliyoandikwa kwenye jenereta si kW (kW 1 ni wati 1,000): jenereta ya kVA 5 mara nyingi inakupa kW 4. Washa chenye mota kubwa kwanza, vingine kimoja kimoja.

4. Aina. Ile ndogo ya kuchanganya petroli na oili: taa, redio, basi. Petroli ya kawaida: nyumba na duka. Ya inveta: kimya, mafuta kidogo, umeme safi kwa kompyuta, ila bei imechangamka. Dizeli: mashine ya kukoboa au hoteli, kazi ya kutwa nzima. Ukipata ya mizunguko 1,500 kwa dakika, hudumu kuliko ya 3,000.

5. Fundi afunge swichi ya kubadilishia umeme, ama wa TANESCO ama wa jenereta.

6. Iweke nje, mbali na madirisha. Moshi wake unaua watu usingizini.

MASWALI

Mdau wa Lindi: Mkuu, jenereta nzuri bei gani?
— Nzuri ya kuwasha nini?

Mdau wa Lindi: Ya nyumbani tu.
— Kwangu nyumbani ni taa tatu, kwa jirani ni kiyoyozi. Namba 1.

Dada wa Masasi: Samahani kaka, saluni yangu ina draya ya wati 1,000, taa na redio, kama 1,100. Draya nayo niizidishe mara tatu?
— Umeuliza vizuri dada. Hapana. Draya inakula umeme kwenye koili ya joto, na koili haina papara, inavuta sawa mwanzo hadi mwisho. Kifeni chake ni kidogo. Pasi pia hivyo hivyo. Chukua ya kVA 2, utapata kama 1,600, haitahema.

Kijana wa Newala: Mie nachomeka waya wenye plagi pande zote mbili kwenye soketi, mwaka wa pili sasa, sijaona shida.
— Huwezi kuiona. Umeme wa jenereta yako unatoka hadi kwenye laini ya nje, shida iko juu ya nguzo, kwa fundi wa TANESCO anayedhani laini imezimwa. Na umeme ukirudi ghafla, jenereta yako ndiyo kwaheri. Toa huo waya leo.

Mdau wa Nachingwea: Yangu ya petroli ikikaa miezi miwili haiwaki.
— Kabureta imeziba. Siku ya kuiweka, funga koki ya mafuta uiache izime yenyewe.

Dada wa Masasi: Na changu bado unauza?
— Nauza. Njoo na ndoo.