Unataka kutoa Prado uchukue Land Cruiser 80? Soma haya kabla hujatoa funguo

Hapa Mombasa kuna ugonjwa umeingia, mtu ana Prado 150 safi, AC inapiga baridi, halafu anasikia kuna jamaa anauza Land Cruiser 80 basi usingizi unaisha, anataka wabadilishane aongezewe na pesa juu. Sikatai, 80 ni gari bwana. Ekseli ya kipande kimoja mbele na nyuma, springi za koili, na ikiwa na 1HZ, ile dizeli ya 4.2 isiyo na tabo, fundi anaifungua bila kompyuta. Ila hebu tuongee kwanza.

Jiulize gari yako inaenda wapi wiki hadi wiki, si unatamani iende wapi. Kama ni Nyali na town, watoto shule, Jumapili Diani kupitia Dongo Kundu, 80 itakuchosha. Hiyo 1HZ ni farasi 130 hivi na inavuta mwili wa zaidi ya tani mbili, kwa hivyo mlima wa Mazeras utakaa nyuma ya lori mpaka ujue namba zake kwa kichwa. Na nyingi hazina eabegi, na humo ndani unapakia watoto. Njia za Kinango na Shimba Hills Prado yenye tairi nzuri za AT, zile za lami na vumbi, inapita, wengi shida yao ni tairi wanadhani ni gari. Pale 80 inaishinda ni mzigo mzito, njia mbovu kila siku, na mahali ukiharibikiwa uko peke yako na spana zako. Kama hayo ndio maisha yako, endelea kusoma. Kama siyo na huna gari ya pili, mimi nakwambia baki na Prado yako.

Na kama unaikimbia Prado kwa sababu imeanza taa za dashibodi, jua kwanza ni nini. Ile dizeli ya 1GD, ya kuanzia 2015, mara nyingi ni DPF, chujio la masizi kwenye ekzosi. Linajisafisha kwa kuyachoma ekzosi ikipata moto wa kutosha, sasa wewe kutwa uko kwenye foleni ya daraja la Nyali, litachomea wapi? Ipeleke mpaka Voi na kurudi uone kwanza.

Haya, umeamua unaitaka. Kenya gari ikizidi miaka 8 hairuhusiwi kuingizwa, kwa hivyo 80 huagizi Japan, unanunua iliyozeekea hapa hapa. Na kuzeekea pwani ni habari nyingine kwa sababu ya chumvi. Injini inatengenezeka, gia inatengenezeka, chesi, ile fremu ya chini, ikiwa imeoza usiguse hata upewe kwa bei ya kutupa. Ingia chini na bisibisi na nyundo ndogo, anzia chesi inapopita juu ya ekseli ya nyuma, gonga ukisikiliza, chuma kizima kinalia na kilichooza kinajibu kwa sauti ya kufa kama mkate mkavu. Ukikuta imepakwa rangi nyeusi mpya huko chini tu, shuku, kwani nani anapamba gari chini bila sababu? Kwaruza. Inua kapeti za mbele, angalia pembeni mwa kioo cha mbele na mlango wa nyuma. Na uliza kama iliwahi kuvuta boti kuingiza majini, zile hata muuzaji akiapa wallahi, mimi napita.

Injini iguse kwanza kwa mkono, ukikuta ishapata moto kabla hujafika rudi siku nyingine asubuhi. Iwashe baridi, kisha fungua kifuniko cha oili ikiwa inanguruma, ikipumua moshi kwa nguvu ringi za pistoni zimechoka. Beliti ya taiming ya 1HZ ni ya kilomita 100,000, ikikatika inaua valvu, kama hakuna risiti hesabu kwamba unaibadilisha wewe. Halafu chungulia yale matufe mawili nyuma ya magurudumu ya mbele, yakiwa yamelowa uji wa grisi na oili ujue sili zimeisha. Kata usukani mpaka mwisho, tembea polepole, ikilia ka-ka-ka jointi za mbele zimekufa. Mwisho ipandishe Miritini mpaka Mazeras saa sita mchana na AC imewashwa, macho kwenye geji ya joto.

Pesa za juu utakazoongezewa usizile, nusu iweke pembeni ya spea za mwaka wa kwanza. Ongea na watu wa bima mapema pia, gari ya umri huo nyingi zinakupa thadi pati tu, yaani ikiibiwa imeenda.

Kabla ya kukubaliana fanya sachi ya NTSA, wale wa usajili wa magari, kwa eCitizen, uone kama logbuku ina jina la benki ama mkopeshaji, na namba ya injini iliyoandikwa ndio iliyoko kwenye chuma, maana hizi gari zimebadilishwa injini sana. Kubadilishana ni transfa mbili: wewe unaanzisha ya Prado naye anakubali, yeye anaanzisha ya 80 nawe unakubali. Zifanyeni mkiwa mmekaa meza moja siku hiyo hiyo, broka akisema ya Prado imalizeni leo ya 80 mtamalizia wiki ijayo, chukua funguo zako uende.